Sare Elfu Moja na Mia Tisa

Mimi hesabu zangu zote ni za sare. Niliishia shule ya msingi, na kugawanya kwa kalamu kunanitoa jasho hadi leo, lakini niulize sare moja ya shule inanibakishia nini mkononi baada ya kutoa kitambaa, uzi, vifungo na kodi ya chumba, nitakujibu hujamaliza kuuliza. Kwa hiyo barua ya ofisi ya mikopo ya wanafunzi ilipofika, mwaka mmoja baada ya binti yangu kuhitimu, nilimwambia anisomee jumla, nikachukua chaki nikaigeuza sare juu ya meza ya kukatia. Zilitoka elfu moja na mia tisa. Na mimi mwezi mzima, umeme usipokatika na mgongo usiponigomea, nashona sitini.

Nikafuta meza kwa kiganja. Binti akaniambia, "Mama, kufuta hakusaidii."

Kina mama wenzangu, ninyi mnaosubiri majibu ya mitihani ya watoto na mkopo umeshaahidiwa, someni haya kabla hamjaweka saini. Sisemi mtoto asisome. Nasema ulizeni. Mimi sikuuliza, na nilipokuja kujua nilichopaswa kuuliza, nikafanya baya kuliko hilo.

Binti yangu tunamwita Sikio tangu ana miaka minne. Alikuwa anakaa chini ya meza yangu, wateja wanakuja kupimwa na kumwaga yao ya moyoni, yeye kimya kabisa, na jioni ananirudishia maneno yote na kuniuliza yule mama alikuwa analilia nini. Alipofaulu alipata nafasi mbili: stashahada ya uuguzi, miaka mitatu, na shahada ya saikolojia, miaka mitatu vilevile. Fomu zilijazwa kwa mama wa steshenari, mwenye kompyuta. Sikio alikuwa hajaamua. Nikauliza saikolojia ndiyo nini, mama wa steshenari akajibu bila kugeuka kwamba huo ni udaktari wa akili, na siku hizi wagonjwa wa akili hawaishi. Basi nikaona uuguzi ni kumsaidia daktari, na huku ni kuwa daktari mwenyewe, na miaka ni ileile. Nani achague kubeba trei? Nikasema bonyeza hiyo. Baba yake Sikio alishafariki, kwa hiyo mdhamini nikawa mimi, na saini yangu ya kuunganisha herufi moja moja.

Ndugu yangu, mwashi, alipoelezwa mpwa wake anasomea nini alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Yaani unasomea kusikiliza watu? Mimi mke wangu nimemsikiliza miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyenipa hata cheti."

"Mjomba, ulikuwa unamsikiliza au ulikuwa unamsubiri anyamaze?"

Siku hizo tulikuwa bado tunacheka.

Alihitimu akiwa wa nne darasani. Picha yake ya joho nikaitundika ukutani juu ya cherehani, na mtaa mzima ukaanza kumwita Dokta. Halafu akaanza kutafuta kazi. Alitembeza vyeti mpaka bahasha ikachakaa pembe, na kila tangazo lilitaka mwanasaikolojia aliyesajiliwa. Hapo ndipo aliponikalisha kwenye kigoda na kunieleza polepole, kama anayefikisha habari ya msiba, kwamba shahada ya kwanza ni nusu ya njia. Ili uruhusiwe kutibu watu unahitaji shahada ya pili, miaka miwili, halafu mwaka mzima wa kufanya kazi chini ya uangalizi, halafu baraza la taaluma ndilo linaandika jina lako kwenye daftari lake. Hiyo shahada ya pili nayo, nilipoipiga chaki, ilikuwa sare elfu moja na mia nne.

"Na hii uliyonayo inakuruhusu nini?" nikamuuliza.

"Kuomba hiyo nyingine."

Alikuwa anajua tangu mwaka wa kwanza. Kila akija likizo ananikuta nimeinama kwenye cherehani, akakosa pa kuanzia. Sikumlaumu. Aliyesema bonyeza ni mimi.

Kazi aliyoipata ilikuwa shule ya chekechea, msaidizi wa mwalimu: kufunga kamba za viatu, kupangusa makamasi, kutenganisha wanaong'atana. Sare thelathini na tano kwa mwezi. Ofisi ya mikopo ikawa inakata kumi na nane kabla pesa haijamgusa. Nauli tisa. Alibaki na nane. Rafiki yake aliyekwenda uuguzi, ambaye darasani alikuwa ananakili kwake, alianzia hospitali ya serikali kwa sare tisini, na deni lake dogo. Tulikutana naye njiani na viatu vyake vyeupe, akanisalimia kwa heshima zote, shikamoo mama, na mimi niliitikia huku moyoni namhesabu.

Sasa sikilizeni na hili, maana deni la wazi huzaa la pembeni. Mwaka wa mwisho mkopo ulichelewa, na Sikio alihitaji pesa ya hosteli na ya mafunzo ya vitendo. Nikakopa sare mia tatu kwenye kikundi chetu cha kina mama, dhamana yangu ikiwa cherehani. Baada ya barua ile ya ofisi ya mikopo nilichelewa marejesho mara mbili. Ukichelewa mara ya tatu dhamana inabebwa. Ni kanuni yetu wenyewe, mimi mwenyewe niliinyooshea mkono tulipoipigia kura. Mweka hazina, jirani yangu wa ukuta mmoja, akaja akaipapasa cherehani mgongoni kama mnunuzi wa ng'ombe, akaenda zake.

Wazo nililipata kwa wateja. Mama mmoja niliyekuwa nampima aliniuliza kama Dokta yupo, maana tangu mumewe aondoke hapati usingizi, na hao washauri wa mjini bei yao si ya watu. Nikatazama ile kona ya kujaribia nguo, yenye pazia. Vigoda viwili vinaenea. Nikafikiri, nusu sare kwa saa moja, nani hatalipa?

Sikio alikataa. Alisema kupokea pesa ya mtu kwa kazi ambayo hujasajiliwa ni kosa, na likijulikana baraza halitamwandika tena. Nikamwambia ni kuongea tu, hakuna sindano wala kisu, hata kinyozi anaongea na wateja wake. Akasema kinyozi mtaa haumwiti Dokta. Alikataa wiki mbili nzima. Kisha mweka hazina akaja mara ya pili, safari hii na mtu wa mkokoteni, wakaulizana mbele yangu bei ya kubeba. Walipoondoka Sikio akasema miezi miwili, basi, mpaka deni la kikundi liishe. Akaweka na sharti. Kila anayeingia nyuma ya pazia atamuuliza maswali manane aliyoyaandika kwenye karatasi, na la kwanza lilikuwa hili: unatumia dawa yoyote ya hospitali? Anayesema ndiyo anarudishwa hospitali palepale, na pesa yake anarudishiwa.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuendesha cherehani bila kusimama, ili nisisikie yanayosemwa. Na kweli watu walitoka mle wamenyooka mabega. Yule mama wa usingizi alirudi kunishukuru na fungu la nyanya. Mwanangu alikuwa anaijua kazi, hilo mtu asinibishie. Lakini katika wiki mbili za kwanza aliwarudisha watu wawili waliosema wanatumia dawa. Aliwaandikia karatasi ya kwenda nayo hospitali na kuwarudishia pesa yao mkononi. Kwa hesabu yangu, sare nzima ilitoka mlangoni hivihivi, na marejesho yalikuwa Ijumaa.

Ndipo akaja Mama Mayai. Tulimwita hivyo kwa biashara yake. Alikuwa na meza yake ya trei za mayai mwisho wa soko. Alikuja nimpanulie gauni kiunoni. Nikiwa nampima akaniambia sababu ya kunenepa ni vidonge. Miaka sita alikuwa anavimeza asubuhi na jioni, kwa sababu ya sauti anazozisikia. Sauti zimetulia, lakini vidonge vinamlaza juu ya meza mchana kweupe, watu wanabeba mayai na kumwachia chenji wanayoitaka wao. Akaniuliza kama Dokta anaweza kumtibu kwa mazungumzo. Aliniita dada.

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikamwambia kwa pembe ya mdomo kwamba anaweza, ila akiulizwa habari ya dawa aseme hatumii, la sivyo atarudishwa hospitali. Mama Mayai alikuwa mtu wa dini na mtu mkweli. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa dada, si itakuwa uongo? Au niviache kabisa, ili nikisema situmii iwe kweli?"

Nikatoa pini mdomoni.

"Pumzika navyo kidogo," nikamwambia. "Tuone."

Hayo ndiyo maneno yangu, yote. Sikumwekea sumu, sikumpiga. Nilimpa ruhusa ambayo hata binti yangu, na joho lake, hakuwa nayo.

Alikuja mara nne, kila Alhamisi. Wiki za mwanzo alikuwa amechangamka, hasinzii, anataniana na wateja wangu, akamwambia ndugu yangu mwashi kwamba nyumba anazojenga zimepinda kama maneno yake. Nikasema moyoni, unaona? Wiki ya tatu Sikio akapata barua. Chuo kimempokea kwa shahada ya pili, na shirika moja litalipa nusu ya ada. Sharti lilikuwa moja: alete barua ya mwenendo mwema kutoka baraza la taaluma. Aliisoma kwa sauti mara tatu, ya tatu akiwa amesimama. Ijumaa yake tukamaliza deni la kikundi, na mweka hazina akala karanga zangu kana kwamba hakuna lililotokea. Iliyobaki ilikuwa nusu ya ada, sare mia saba, na mimi nikaona mwisho wa njia, daktari wangu kwenye daftari lao na hizi elfu moja mia tisa zikilipika.

Baada ya kikao cha Alhamisi ya nne, cha mwisho alichomwahidi, Sikio alitoka nyuma ya pazia amekunja uso. Aliniambia yule mama kuna kitu hasemi, ananyamaza kama anayesikiliza mtu mwingine, na kwamba Jumanne ataomba ruhusa kazini ampeleke hospitali yeye mwenyewe. Nikamwambia sawa.

Jumatatu Mama Mayai aliinuka mezani pake sokoni akaacha trei tatu zimejaa na kibeti wazi. Walimtafuta siku nne. Alipatikana kwenye shimo la kokoto nje ya mji, mguu umevunjika mahali pawili, midomo imepasuka kwa kiu, akiongea na mtu ambaye hakuwepo. Alikuwa hai. Hospitali walipomuuliza dada yake nani anamtibu, dada akapekua kibeti akakuta kikaratasi cha mwandiko wa Sikio: Alhamisi, saa kumi. Akakipeleka kwenye baraza la taaluma.

Kikao kilifanyika baada ya mwezi mmoja na nusu. Watu watano, meza ndefu, jagi la maji lililofunikwa kwa sahani. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Sikio hakukana kitu. Alisema ndiyo, nilipokea watu, ndiyo, kwa malipo, akataja na idadi. Akatoa yale maswali yake manane. Mwenyekiti akayasoma, akawapa wenzake.

Akamuuliza kama alimuuliza mgonjwa habari ya dawa. Sikio akasema aliuliza, na jibu lilikuwa hatumii. Mwenyekiti akavua miwani. Alieleza kwamba kufanya kazi bila usajili ni kosa, lakini kwa kijana aliyeuliza na kurudisha wagonjwa hospitali, na kama kuna mtu aliyemfundisha mgonjwa kuficha, baraza lingeweza kutoa onyo la maandishi, na barua ya mwenendo ingetoka. Akauliza kama kuna aliyejua.

Sikio aliangalia meza. Akasema hana la kusema juu ya hilo.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, chumba ni chako. Una la kuongeza?"

Nikapiga hesabu. Haki ya Mungu, palepale kwenye kiti nilipiga hesabu. Nikisema, dada yake Mama Mayai ataenda polisi, yuko nyuma yangu anahema. Nikifungwa cherehani inasimama. Ikisimama, sare mia saba za nusu ya ada zitatoka wapi? Nilijiambia nikinyamaza namwokoa mwanangu, nani atamlipia kama si mimi. Nafasi yenyewe ya kulipiwa ilikuwa mezani pale, inasubiri neno langu, na mimi nilikuwa nahesabu ada yake.

"Sina," nikasema.

Walitutoa nje nusu saa, wakaturudisha. Miaka mitano hataandikwa, wala hatapewa barua yoyote. Mwenyekiti alimwambia anasikitika, na nilimwona kweli anasikitika.

Kwenye korido kulikuwa na benchi la mbao, tukakaa kusubiri mlinzi aturudishie vitambulisho. Nilishindwa kuvumilia. Nikaanza kusema, mwanangu, kuna jambo.

"Najua, mama," akasema. "Mama Mayai aliniambia siku ya kwanza nilipokwenda kumwona wodini. Alikuwa ameshaanza kupata fahamu. Hata hakukulaumu, alikuwa ananiuliza kama gauni lake liko tayari."

Nilimuuliza mbona basi hakusema mle ndani. Alikuwa ameshika ile karatasi ya maswali manane, anaikunja na kuikunjua.

"Ulikuwa umekaa pale, mama, na ulikuwa na mdomo. Miaka mitatu nimefundishwa usimsemee mtu. Msubiri, mpe nafasi, atasema mwenyewe." Akatazama mlango wa kile chumba. "Nilikusubiri."

Mlinzi akaleta vitambulisho.

Shule ya chekechea nayo ilisikia, ikamwachisha kazi. Sasa Sikio anafanya kazi kwenye kampuni ya kukopesha watu kwa simu. Anawapigia waliochelewa kulipa. Wenzake wanafoka, yeye anaongea taratibu, anamwuliza mtu hali yake, anamsikiliza, na watu wanalipa. Msimamizi wake anamsifu sana. Sare hamsini na tano kwa mwezi, ishirini zinakwenda kwenye mkopo wake. Kwa mwendo huo, kama riba isingekuwepo, ni miaka minane. Riba ipo. Amepanga chumba karibu na kazini. Kila mwisho wa mwezi ananitumia picha ya risiti ya makato, kwa kuwa mimi ndiye mdhamini na jina langu limo. Haweki salamu. Namjibu, nimeona mwanangu, Mungu akuzidishie.

Wiki ya kwanza baada ya kikao mjomba wake alikuja kuniuliza imekuwaje, nikamweleza yote. Safari hii hakuwa na utani. Aliniambia niende barazani nikaseme, maana rufaa ipo, alisikia kwa watu kwamba ni siku thelathini. Nikamwambia nitakwenda. Wiki hiyo kulikuwa na oda ya sare za shule, nikasema nikimaliza. Ikaja oda nyingine. Ukweli ni kwamba kila asubuhi nilikuwa navaa viatu, kisha navivua.

Nilikwenda siku ya arobaini na moja. Karani alikuwa kijana mstaarabu, akafungua jalada, akahesabu tarehe kwa kalamu, akanionyesha. Kwa rufaa nimechelewa. Nikamwambia nataka kusema tu. Akanipa karatasi na kunivutia kiti, akaniambia niandike, itawekwa kwenye jalada ingawa halitabadilisha uamuzi.

Niliandika karibu saa nzima. Mimi si mwandishi, ukurasa mmoja tu ulijaa. Karani akausoma wote akiwa amesimama, akapiga muhuri, akauweka nyuma kabisa ya karatasi nyingine, akafunga.

"Ungekuja mapema, mama," akasema.

Nikamwambia nilikuwa na kazi.